Shahada ya uzamili ya fedha Ulaya: tuanze na mtaala, si na jina la chuo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumze na vijana wetu wanaojiandaa kwenda Ulaya kusomea shahada ya uzamili ya fedha, pamoja na wazazi na walezi watakaowagharimia. Nafanya kazi katika sekta ya benki hapa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi wadogo zangu kazini wamekuwa wakiniletea barua zao za maombi nizisome, wakitaka pia nafasi ya kujadiliana nami kuhusu chuo cha kuchagua. Karibu wote huja na orodha ileile mkononi, yaani orodha ya vyuo bora vya fedha ambayo gazeti la Financial Times la London limekuwa likiichapisha tangu mwaka 2011. Sina ugomvi na watayarishaji wake. Ninachosema ni kwamba orodha hiyo haikutayarishwa kwa kumfikiria kijana wa Kitanzania au wa Kikenya, na kijana anayeanza safari yake hapo anakuwa amelitafutia jibu swali la mtu mwingine.

Katika orodha hiyo, uzito mkubwa hupewa mshahara wa mhitimu miaka mitatu baada ya kumaliza masomo. Mishahara hiyo hugeuzwa kuwa dola za Marekani na kurekebishwa kulingana na gharama za maisha za nchi anakofanya kazi mhitimu, kwa hiyo kiasi kinachosomeka pale si lazima kiwe ndicho kinachoingia katika akaunti yake. Zaidi ya hapo, kati ya wahitimu hao wamo wengi ambao ni raia wa Umoja wa Ulaya, wanaoweza kuondoka Milan siku ya Ijumaa na kuanza kazi Frankfurt siku ya Jumatatu bila kuomba kibali cha mtu yeyote. Kijana wetu akihitimu Lisbon, kibali chake cha ukaazi ni cha Ureno, na mwajiri wa Ujerumani anayemtaka atalazimika kuanza taratibu za uhamiaji upya. Mshahara wa yule wa kwanza haumwambii huyu wa pili lolote kuhusu maisha yanayomngojea.

Lililo muhimu zaidi, na ambalo orodha hiyo haiwezi kulionyesha, ni kile kinachofundishwa darasani na aina ya mtu anayetakiwa kukaa humo. Programu zinazoitwa za fedha zinatofautiana sana. London Business School ina moja kwa ajili ya wahitimu wapya na nyingine kwa ajili ya watu waliokwisha kufanya kazi katika sekta. Ile ya Cambridge inataka uzoefu wa angalau miaka miwili kazini, wakati Oxford ina programu ya uchumi wa fedha ya miezi tisa ambayo huwapokea hata wanaotoka moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza. Ile inayoendeshwa kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Zurich na ETH, chuo cha teknolojia cha mji huohuo, ni ya hisabati tupu, na asiyezipenda hesabu za nasibu na milinganyo hapaswi kuisogelea. Nimewaona maofisa mikopo wenye uzoefu wa miaka sita wakiomba programu za wahitimu wapya, na wahitimu wapya wakiomba zile za wazoefu. Wote walikataliwa kwa barua fupi zisizoeleza sababu, wakabaki wakidhani kwamba wamekataliwa kwa kuwa ni Waafrika au kwa kuwa chuo chao hakijulikani.

Naomba nilikalie suala la sifa za kujiunga kidogo, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi ya vijana wetu yanapoangukia. Sisi tumezoea kwamba GPA, yaani wastani wa alama, ikiwa kubwa milango inafunguka. Vyuo vingi vya Ujerumani na Uholanzi havitazami GPA peke yake. Vinafungua nakala ya matokeo somo kwa somo na kuhesabu krediti za mfumo wa Ulaya unaoitwa ECTS, ambamo mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60 na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kisha vinauliza: kati ya krediti hizo, ngapi ni za hisabati, ngapi za takwimu, ngapi za ekonometria (takwimu za kuchambulia uchumi), ngapi za nadharia ya fedha? Kijana aliyesoma uhasibu katika Chuo cha Usimamizi wa Fedha au Mzumbe akapata GPA ya 4.5 anaweza kukataliwa, huku mwenzake aliyesoma takwimu au uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa na 3.8 akapokelewa. Huyo wa kwanza hakuzidiwa akili. Alikosa masomo mawili au matatu ambayo angeweza kuyachukua kama masomo ya hiari akiwa mwaka wa pili, laiti mtu angemwambia mapema.

Kwa hiyo anayefikiria Ulaya aanze kufikiri akiwa bado yuko shahada ya kwanza. Achukue takwimu na ekonometria hata kama zitamshushia wastani kidogo. Kabla hajaondoka chuoni, aiombe idara yake impe maelezo ya kila somo alilosoma, yenye muhuri, yakionyesha mada, vitabu na saa za kufundishwa, kwa sababu kuyatafuta miaka mitano baadaye, wakati mtaala umebadilishwa na mkuu wa idara amehamia kwingine, ni mateso. Aliyekwisha kuhitimu bila masomo hayo bado ana njia, nayo ni mtihani wa GMAT au GRE, ambao vyuo vingi huutumia kupima uwezo wa hesabu wa mtu ambaye nakala yake ya matokeo haiuonyeshi. Ila ajihadhari na ushauri wa zamani: toleo jipya la GMAT lilianza Novemba 2023 na alama zake ni kati ya 205 na 805, kiasi kwamba 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya zamani. Vijana kadhaa wamekata tamaa bure kwa kulinganisha alama zao mpya na viwango vya kaka zao.

Suala la muda wa masomo nalo linastahili kufikiriwa kuliko linavyofikiriwa. Uingereza shahada hii huchukua mwaka mmoja au pungufu, na wengi huipenda kwa sababu hiyo. Lakini benki za uwekezaji za London hupokea maombi ya kazi za mwaka unaofuata kuanzia mwishoni mwa majira ya joto hadi vuli, maana yake kijana anayeshuka Heathrow mwishoni mwa Septemba anatakiwa awe tayari na wasifu uliokamilika na majibu ya usaili kabla hata hajajua maktaba iko upande gani. Wenzake waliosomea shahada ya kwanza hukohuko wamekwisha kufanya mafunzo ya vitendo kiangazi kilichopita, na benki nyingi huajiri kwanza kutoka kwa hao. Katika programu za miaka miwili za Ujerumani, Italia au nchi za Skandinavia, katikati kuna kiangazi kizima cha kufanya mafunzo ya vitendo. Ufaransa, shule kubwa za biashara zimejenga utaratibu wa mwanafunzi kufanya kazi kwa miezi kadhaa katika kampuni kabla ya kuhitimu. Ujerumani, tangu Machi 2024, mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na benki za Frankfurt zina desturi ya kuajiri wanafunzi kwa saa chache kwa wiki. Kijana anayetaka kazi hizo ajue kwamba Kiingereza kitamtosha darasani lakini kazini ataulizwa Kijerumani, na Kijerumani cha kazini hakipatikani kwa mwaka mmoja.

Baada ya kuhitimu, kila nchi ina kipimo chake cha muda wa kutafuta kazi. Ujerumani hutoa miezi 18, Uholanzi mwaka mmoja, Ireland miaka miwili kwa wenye shahada ya uzamili, Uswisi miezi sita tu. Uingereza imekuwa ikitoa miaka miwili tangu 2021, lakini watakaoomba kuanzia Januari 2027 watapata miezi 18. Wapo wanaovutiwa na Frankfurt kwa sababu Benki Kuu ya Ulaya iko pale, wakidhani ukaribu wa majengo ni ukaribu wa ajira. Kwa kawaida nafasi za taasisi hiyo, zikiwemo za mafunzo, hutolewa kwa raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Kwa maoni yangu Dublin haijapewa uzito unaostahili miongoni mwetu, kwa sababu lugha ni Kiingereza, muda wa kutafuta kazi ni mrefu, na mji ule ni kituo kikubwa cha usimamizi wa mifuko ya uwekezaji na ukodishaji wa ndege, kazi zinazohitaji watu wengi wa ngazi ya kati.

Nije kwenye gharama. Ada ya shahada ya fedha katika London School of Economics imepita pauni 40,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 120 za Tanzania, kabla ya chumba, chakula, viza na tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka. Mzazi anayeuza kiwanja cha Kigamboni kwa ajili hiyo ana haki ya kuambiwa kwamba Chuo Kikuu cha Goethe cha Frankfurt, ambacho ni cha umma, hakitozi ada ya masomo katika programu zake za kawaida, bali mchango wa muhula wa euro mia kadhaa. Si Ujerumani yote iliyo hivyo, kwani jimbo la Baden-Württemberg, lenye vyuo vya Mannheim na Tübingen, limekuwa likiwatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Wala yale yaliyosemwa zamani kuhusu Skandinavia kuwa bure hayana ukweli tena kwa watu wetu: Denmark ilianza kuwatoza mwaka 2006, Uswidi 2011, Finland 2017, na Norway, iliyobaki peke yake, ikafuata 2023. Nasikitika kwamba hadi leo bado kuna watu wazima wanaowaambia vijana waombe Norway kwa kuwa ni bure.

Kutokuwepo kwa ada hakumaanishi kwamba mtu anaweza kwenda mikono mitupu. Ujerumani inataka mwombaji wa viza aweke katika akaunti maalumu iliyozuiliwa euro 11,904 kwa mwaka, ambazo ataruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Uingereza inataka fedha za kujikimu zikae katika akaunti kwa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na sharti hili limewaangusha watu waliokuwa na fedha za kutosha kabisa, kwa sababu tu mjomba alichanga wiki moja kabla ya maombi. Mwenye familia ajue pia kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya darasani haruhusiwi kwenda Uingereza na mwenza wala watoto. Kwa mfanyakazi wa benki mwenye umri wa miaka 34 na watoto wawili, jambo hilo peke yake linaweza kuamua nchi.

Kwa wasio na uwezo, ufadhili upo, ila unaendeshwa na kalenda. Chevening ya serikali ya Uingereza hufungua maombi mwezi Agosti, inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, humtaka mwombaji ataje programu tatu, na mshindi hulazimika kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya humlipa mwanafunzi euro 1,400 kwa mwezi katika programu zinazoendeshwa na vyuo kadhaa kwa pamoja, mojawapo ikiwa ile ya mbinu za hisabati na takwimu katika uchumi inayovihusisha vyuo vya Paris, Bielefeld, Barcelona na Venice. Usiofahamika kabisa hapa kwetu ni utaratibu wa Italia, ambamo mikoa hutoa posho, chakula, nafasi za mabweni na msamaha wa ada kwa kutazama kipato cha familia ya mwanafunzi, hata akiwa mgeni. Chuo Kikuu cha Bologna, Padova, Ca' Foscari cha Venice na Tor Vergata cha Roma vyote vinafundisha masomo ya uchumi na fedha kwa Kiingereza. Familia ya mwalimu wa shule ya msingi wa Singida ina nafasi nzuri kwa kipimo hicho, mradi nyaraka za kipato na za ukubwa wa familia zitafsiriwe Kiitaliano na kuthibitishwa kwa wakati. Kazi hiyo ya nyaraka ndiyo inayowashinda wengi, na inapaswa kuanza miezi kadhaa kabla ya barua ya kukubaliwa kufika.

Yote hayo yanategemea swali ambalo kijana anapaswa kuanza nalo: atafanya kazi gani, na wapi? Kama nia yake ni kurudi, basi autazame mtaala kwa macho ya soko letu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa mwaka 1998, na la Nairobi lipo tangu 1954 na lilifungua soko la mikataba ya bei za baadaye mwaka 2019. Mwanzoni mwa 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo kwa ajili ya miradi inayolinda mazingira, ya miaka kumi, yenye riba ya asilimia 13.5, ikikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa ajili ya miundombinu ya maji. Kazi kama ile inahitaji mtu anayejua kukadiria mapato ya ankara za maji kwa miaka kumi ijayo, kupanga riba kwa kuilinganisha na hatifungani za serikali, na kuandaa taarifa zitakazomridhisha mkaguzi wa masharti ya kijani. Vyuo vya Ulaya vina mengi ya kufundisha hapo, kwani Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni ya kuainisha shughuli za kijani mwaka 2020, na kiwango chake cha hatifungani za kijani kilianza kutumika Desemba 2024. Programu yenye somo zito la hatifungani, la ugharimiaji wa miradi na la fedha endelevu itamfaa mtu huyo kuliko programu yenye jina kubwa ambayo nusu ya masomo yake ni ya kununua na kuunganisha makampuni ya Ulaya.

Hali ni hiyohiyo kwa wanaotaka kusimamia fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii. Tangu mifuko minne ilipounganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma wa Tanzania, kiasi kikubwa cha akiba za watumishi wa umma kinawekezwa na timu moja, na tunahitaji watu wanaoelewa jinsi ya kulinganisha uwekezaji wa leo na pensheni zitakazolipwa miaka 30 ijayo. Uholanzi inafahamika duniani kwa mifuko yake ya pensheni, na Tilburg ni mahali ambapo taaluma hiyo imepewa uzito wa pekee. Anayevutiwa na sukuk (hatifungani za Kiislamu) na benki za Kiislamu aitazame Durham ya Uingereza. Na popote aendapo, kama programu ina tasnifu, achague mada inayotumia takwimu za kwetu, kwa sababu mwajiri wa Dar es Salaam au Nairobi ataisoma kwa hamu kuliko uchambuzi mwingine wa hisa za New York ambao umekwisha kufanywa mara elfu.

Niongeze kwamba kwa baadhi ya watu jibu sahihi ni kutokwenda. Mtu aliyekwisha kuajiriwa katika kampuni ya uwekezaji, anayetaka ujuzi wa kuchambua hisa na kusimamia uwekezaji wa wateja, anaweza kufanya mitihani mitatu ya CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, huku akiendelea kupokea mshahara, kwa takriban dola elfu moja au zaidi kidogo kwa kila ngazi. Na yule anayekwenda ahakikishe kabla ya kulipa chochote kwamba chuo anachokichagua kinatambuliwa nyumbani, kwa kuuliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, au Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa ndugu zetu wa Kenya.

Ndugu Mhariri, nina ombi moja kwa gazeti lako. Kurasa zako hubeba matangazo ya mawakala wanaowatafutia vijana vyuo vya nje, wengi wao wakisema kwamba huduma yao ni bure. Wakala huyo mara nyingi hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka, na vyuo vya umma vya Ujerumani visivyotoza ada havina sababu ya kumlipa, ndiyo maana hatavitaja. Naomba ofisi yako ya matangazo imtake kila wakala aandike ndani ya tangazo lake kama analipwa na vyuo anavyovitangaza, na avitaje vyuo hivyo kwa majina.

Ni mimi msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam.